Msomaji wa Migongo

Alikozaliwa na ukoo wake sivijui sana, na hayo machache niyajuayo si ya kuandika hapa. Alikuwa mtu wa bara aliyeshuka pwani kufanya kazi, akaisahau njia ya kurudi. Mimi nilimjua katika chumba kimoja chenye baridi, katika hospitali moja ya Malindi, ambamo yeye alikuwa daktari wa picha na mimi mpiga picha. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mgonjwa ndani ya mashine ya MRI na kumwambia atulie. Kazi yake ilikuwa kutazama kilichotoka na kusema kina maana gani. Watu wa mji walimwita Daktari wa Sweta, kwa kuwa chumba kile kilikuwa baridi na yeye alisahau kulivua sweta lake alipotoka, akaonekana sokoni adhuhuri ya kaskazi amevaa sufu. Mimi nitamwita Daktari tu. Ndiye aliyeamua habari ya miguu ya mama yangu, na bila ya hilo nisingekuwa na haja ya kumwandika.

Migongo ndiyo iliyompa jina. Vifua na vichwa alivisoma kama daktari yeyote, lakini ukimletea kiuno alivuta kiti karibu. Na viuno hatuna uhaba navyo huku kwetu. Kuna wabeba chumvi wa Marereni, kuna wakulima wa Kakuyuni walioinamia jembe toka utotoni, kuna wapishi wa mahoteli ya Kikambala wanaosimama kutwa mbele ya jiko. Wakifika umri fulani, ule mfereji ulio ndani ya uti wa mgongo, ambamo hupita neva za miguu, huanza kubana. Mfupa huota, kano hunenepa, ile sahani laini iliyo baina ya pingili mbili husukumika nyuma, nafasi ikapungua. Mtu hutembea kidogo tu, kisha miguu ikawaka moto au ikafa ganzi, mpaka aketi. Akiketi anapona. Akisimama anaanza upya. Majirani humwona ameketi, mzima, anakunywa chai, wakasema huyo ni mvivu.

Swali aliloletewa Daktari lilikuwa ni lile lile kila siku: umebana kiasi gani? Jibu lake lilikwenda Mombasa kwa daktari wa upasuaji, na huko ndiko mtu alikokatwa au kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo lilikuwa swali dogo lenye mtu mzima ndani yake.

Vijana waliotoka masomoni walikuja na rula ya kompyuta, wakaupima mfereji kwa milimita. Aliwaacha wapime, kisha akawauliza, "Na maji yako wapi?" Katika picha zile kiuno huonekana kimekatwa vipande kama gogo lililopitiwa na msumeno. Mfereji mzima ni mweupe, kwa sababu umejaa maji, na neva ni vitone vyeusi ndani yake, kama ufuta uliomwagika kwenye maziwa. Ukianza kubana, ufuta husongamana lakini maziwa bado yanaonekana katikati. Ukizidi, maziwa hukauka, huoni tena punje moja moja, unaona doa moja la kijivu. Ukizidi kabisa, hata mafuta yaliyo nyuma ya doa lile hutoweka. Hizo ndizo daraja alizozitumia. "Rula inapima nyumba," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua kama waliomo wanapumua."

Neno "kali" alilitoa kwa uchungu. Aliandika "hafifu" haraka, "wastani" kwa kufikiri kidogo, lakini akifika kwenye "kali" alisimama, akaenda kunywa maji, akarudi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema neno hilo lina kisu ndani yake, na anayeliandika ndiye anayekinoa.

Tena hakuziamini picha. Hilo lilinishangaza kwa mtu aliyekula kwa picha maisha yake yote. "Tumempiga amelala," aliniambia, "tena umemwekea mto chini ya magoti. Mtu akilala hivyo mfereji unafunguka. Ugonjwa wake uko kwenye kusimama, na sisi tumeupiga picha ukiwa umepumzika." Mara nyingine ilikuwa kinyume chake. Walikuja kina dada wawili, wauza leso wa mjini, wote wanalia kiuno. Picha ya mkubwa ilikuwa mbaya, doa la kijivu mara mbili. Picha ya mdogo ilikuwa na maji tele. Lakini yule mkubwa alipanda ngazi za duka bila kushika kitu, na mdogo alikuwa hawezi kufika kwa jirani kuomba chumvi. Walipoelezwa wakagombana palepale, kila mmoja akidai yeye ndiye mgonjwa. Mkubwa alikuwa na ushahidi na mdogo alikuwa na maumivu. Daktari aliwaacha wakachoka, kisha akamwandikia mdogo atibiwe.

Ndiyo maana alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupeleka jibu Mombasa alitoka chumbani, akamkuta mgonjwa ukumbini, akamwambia, "Tangulia, nakuja." Mgonjwa alitangulia, na yeye akafuata nyuma, mikono mgongoni, akitazama visigino. Madaktari wengine walimcheka, kwani daktari wa picha kazi yake ni gizani na kompyuta, si kuwafuata watu kama mlinzi wa duka. Hakuwajali. "Mdomo una adabu," aliniambia, "ukiuuliza habari utasema njema. Miguu haina adabu."

Palikuwa na mbeba chumvi mmoja wa Marereni aliyeletwa na wanawe. Msimamizi wake alimwita mwongo mbele ya watu. Asubuhi hadi alasiri alisukuma wilbaro la chumvi kama kijana, na jioni, watu wakipanga foleni ya kuitwa majina, alikaa chini akasema miguu imekufa. Nani atakayeamini jambo kama hilo? Daktari alimuuliza, "Ukisukuma, unainama?"

"Nainama, Daktari. Wilbaro halisukumwi wima."

"Na msikitini?"

Yule mtu akawatazama wanawe kwanza. "Kisimamo ndicho kinachonimaliza. Nikifika kwenye rukuu naona raha, wallahi. Imamu akishika sura ndefu, namuomba Mola amkumbushe fupi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamweleza, kwa utaratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba akiinama mfereji unapanuka na neva zinapata nafasi, akisimama unabana. Picha yake ilisema kali na miguu yake ikasema kali, na vitu viwili hivyo vikikubaliana Daktari hakusita. Alimpigia simu yule msimamizi mwenyewe akamwambia ana mfanyakazi mkweli kuliko wote kiwandani. Mbeba chumvi alipasuliwa Mombasa na leo anasimama nyuma ya imamu yeyote.

Nisimfanye malaika, maana hakuwa. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mgomvi kwa mabawabu, na ugomvi wote ulikuwa juu ya pa kuegesha gari, ambalo kuliendesha kwenyewe hakujua vizuri. Mashine ikikwama aliisemesha kwa lugha ya kwao, maneno ambayo kwa sauti yake tu ulijua si ya kanisani. Saa nne alikula viazi karai, akashika kompyuta kwa vidole vyenye mafuta, kisha akauliza ni nani aliyechafua. Alimpenda mgonjwa akiwa anatembea, lakini akikaa na kuanza kusimulia, Daktari alitazama saa. Hadithi ndefu zilimchosha. Kiswahili chake alijifunzia mjini kwa wenyewe, na kama walivyo wengi waliojifunza ukubwani, alikisema kwa unadhifu uliotuchekesha sisi tuliozaliwa nacho. Alisema "tafadhali" hata kwa paka.

Watu walimfuata na picha zao kila mahali. Huku kwetu picha ya hospitali haitupwi. Hukaa chini ya godoro ndani ya bahasha yake kubwa, na mgeni wa maana akija hutolewa. Tulialikwa arusi moja Kikambala, mimi na yeye, na kabla ya biriani kufika mjomba wa bwana arusi alikuja na bahasha kwapani. Nilidhani Daktari atakasirika. Alisimama, akaiinua picha dirishani kwenye mwanga, bi arusi anapita nyuma yetu kwa vigelegele, akaitazama mpaka chakula kikapoa. "Tembea hadi kwenye kile kiti," akamwambia mjomba. Mjomba akatembea, wageni wakampisha wakidhani anakwenda kutuza.

Sasa nifike kwa mama.

Mama yangu ni mkulima wa Kakuyuni, mjane, mwenye kunde na mahindi yake na kauli yake ya mwisho juu ya kila jambo. Mimi nilikuwa nikienda kwake Jumamosi. Nikaanza kuona kwamba kinu kimepinduliwa katikati ya uwanja, baina ya jiko na kisima, na kwamba ni kiti. Akitoka jikoni hukaa hapo, hungoja, kisha humalizia njia. Nilimuuliza, akasema anatazama kuku. Nilimbishia wiki kadhaa mpaka akakubali kupanda gari nami kwenda Malindi.

Nilimlaza kwenye mashine kwa mikono yangu, nikamfunika leso yake, nikamwambia maneno yale yale niwaambiayo wengine. Picha zilipokuja sikuhitaji kumngoja Daktari. Baina ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno hakukuwa na maji. Hakukuwa na ufuta wala maziwa, palikuwa na doa la kijivu, na nyuma yake mafuta yalikuwa yamekwisha. Nikaketi.

Daktari alivuta kiti, akatazama. Akaandika "kali", safari hii bila ya kwenda kunywa maji. Kisha akatoka kwenda ukumbini, nami nyuma yake.

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya ngozi ambavyo nilivijua kuwa ni vya Pasaka. Akaniachia kibeti chake nimshikie.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari.

"Marahaba, dakitari. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na wewe hali yako?"

"Mimi mzima. Ni uzee tu, na huo hauna dawa."

"Hebu tangulia, mama. Nakuja."

Mama akatangulia. Alikwenda wima, kichwa juu, hatua zake ziko sawa kama za mtu anayekwenda kupokea komunyo, akafika mwisho wa ukumbi, akageuka, akarudi, wala hakugusa ukuta. Sikuwa nimemwona akitembea vile kwa muda mrefu. Nilidhani siku ile ameamka na nafuu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Daktari alikosea kuhusu jambo moja la watu wetu. Mwanamke wa umri wa mama, akiambiwa na mtu wa heshima atembee mbele yake, miguu nayo hushika adabu.

"Unaumia?" aliuliza.

"Si sana."

"Haja ndogo inatoka vyema? Huna ganzi huku baina ya mapaja?"

Mama alitazama ukuta. "Vyema. Hakuna neno."

"Nyumbani anatembea kwa taabu, Daktari," nilisema. "Anakaa njiani."

Mama akacheka. "Huyu naye anakaa kunihesabia hatua. Ndiyo faida ya kumsomesha mtoto."

Daktari akacheka naye. Tuliporudi chumbani alimpigia simu yule wa upasuaji Mombasa, nami nasikia. Alisema picha ni mbaya kuliko mtu, miguu ina nguvu, mkojo ni salama, apewe mazoezi na aangaliwe. Kisha akanigeukia. "Ndugu yangu, picha kama hii nimeiona kwa watu wanaocheza ngoma. Tusimkate mama kwa sababu ya picha." Nilifurahi. Habari ya kisu mgongoni kwa mama ilikuwa imenitisha tangu nilipoiona picha, na mtu niliyemwamini alikuwa ameniondolea.

Mvua zilipokuja mama alianguka shambani, katikati ya mistari ya mahindi. Miguu ilikataa kuinuka na mkojo ukakataa kutoka. Tukampeleka Mombasa, akapasuliwa siku ile ile. Daktari wa upasuaji hakutulaumu, alisema tu kwamba neva zikibanwa muda mrefu hazirudi zote. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto anauburuta mpaka leo, anatembelea fremu ya chuma, na mkojo hana tena amri juu yake.

Nilimpasha Daktari habari. Aliifungua ile picha ya zamani akaitazama kwa muda mrefu. "Nililiona," alisema. "Nililiona na nikaliandika." Basi. Nilimchukia, nalisema wazi, na chuki yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa kuwa ningali nikimletea chai. Maneno yetu yakawa "tayari" na "mlete mwingine". Niliona kwamba ameacha kuwafuata wagonjwa ukumbini. Alikaa na picha zake akaandika alichokiona, wagonjwa wakaenda zao, na wale vijana wa rula wakasema mzee hatimaye amekuwa wa kisasa. Alipostaafu walimfanyia karamu. Sikwenda.

Alikuja Kakuyuni Jumamosi moja asubuhi, hakuarifu mtu. Nilikuwa juu ya ngazi nashindilia makuti, nikamwona anaingia uani na kilo za sukari na majani ya chai ndani ya mfuko, kama mgeni afanyavyo. Alikuwa amekonda. Mama alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo, fremu yake iko kando. Walisalimiana kirefu. Akapewa kiti, akaulizwa mvua za huko aliko, akajibu. Nilishuka nikaketi nao, kwa sababu kutoketi kungekuwa ni kumfukuza.

"Mama," alisema mwishowe, "nimekuja na swali, na kama hutaki kulijibu nitakunywa chai yako niende. Siku ile pale ukumbini, taabu ya mkojo ulikuwa nayo?"

"Ilianza siku alipoanguka, Daktari," nilisema. "Mombasa tulieleza yote."

Mama aliendelea na kunde. Alitoa iliyooza, akaitupa kwa kuku.

"Ilianza kabla," alisema. "Hata huo mgongo hamjaupiga picha. Nilikuwa nalalia magunia. Ijumaa nayafua, nayaanika nyuma ya jiko, ili Jumamosi huyu akija yawe yamekauka."

Wakati wote ule nimekuwa nikifika Jumamosi, nakula, nabishana naye juu ya kinu, naondoka nikijiona mwana mwema.

"Nilikuuliza, mama," alisema Daktari, kwa upole.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hakuna neno."

"Na huyu alikuwa amesimama wapi?"

Mama hakunitazama hata mara moja, alisema na ungo wake.

"Mwanangu mwanamume, amesimama hapo, kanishikia kibeti. Wewe unaniuliza mambo ya mapajani. Nikwambie nini, dakitari? Bora mguu uende."

Aibu niliyoisikia pale ilikuwa ya mwilini, masikio yaliwaka. Nilitaka kusema kwamba mimi ni mtu wa hospitali, kwamba nimesikia makubwa kuliko hayo kwa wagonjwa wa kila namna, kwamba ningetoka kama ningeambiwa. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa na kazi. Daktari aliniangalia, na usoni mwake sikuona kwamba amefurahi kupata mtu wa kugawana naye lawama. Aliinama mbele akaweka kikombe chini.

"Bado yapo ambayo hujayasema, mama?"

"Yapo."

"Yanayouma sasa?"

"Yapo."

"Ndugu yangu," akaniambia, "tafadhali, tupishe."

Nilimtazama mama nikingoja aseme kaa, huyu ni mwanangu. Mama aliusogeza ungo pembeni, akajipangusa mikono kwa leso.

Nikainuka. Nilipita jikoni nikatokea nyuma, nikasimama penye mstari wa kwanza wa mahindi. Nilisikia sauti ya mama ikianza, ya chini, bila ya mzaha wake, na maneno yalikuwa yakinifikia. Nikasogea mbele zaidi, mpaka yasinifikie.